Karanga na Muluzi Ambao Sikuupiga

Vijana munaokuja kwenye parsele yangu, uwanja huu wa nyumba hapa Bunia, kuniomba mutoto wa imbwa wa masikio makubwa, kaeni kwanza. Mutoto wa imbwa sina. Hata imbwa mukubwa sina. Nilicho nacho ni mambo niliyojifunza kazini, na hayo nitawapa yote, pamoja na yale ambayo hayanipendezi kuyasema.

Nimefanya kazi ya ng'ombe zaidi ya miaka thelathini. Miaka mizuri kuliko yote niliifanya kwenye ferme moja, shamba la ng'ombe la vilimani, mbele kidogo ya muji mudogo wa Fataki, kule ambako baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye meno. Watu wa pale walikuwa wananiita Papa Lazaro hata kabla sijapata mutoto. Kazi niliyoipenda haikuwa kukamua wala kuogesha ng'ombe dawa. Ilikuwa kulea imbwa wafupi.

Walifika wawili katika sanduku moja la mbao, dume na jike, kila mumoja wa mama tofauti. Daktari wa mifugo, mugeni aliyekuwa anarudi kwao, ndiye aliyewaacha kwa mwenye ferme. Juu ya sanduku aliandika "Corgi". Siye tukasoma Korogi, na Korogi ikabaki. Dume tukamuita Kaporali, kwa kuwa alikuwa anatembea kifua mbele kama kaporali wa jeshi aliyevaa suruali ya mukubwa wake. Jike alikuwa na rangi ya karanga zilizokaangwa, basi hatukuhangaika kutafuta jina lingine.

Nilipoona miguu yao nilifikiri ni ugonjwa. Kichwa kilikuwa cha imbwa kamili, mugongo wa imbwa kamili, masikio ya kutosha imbwa wawili, na chini yake vijiguu kama vya kiti cha jikoni. Nikasaga mifupa, nikachanganya na bugali, nikawalisha miezi miwili ili miguu ikue. Haikukua. Walinenepa tu, matumbo yakaanza kufagia nyasi. Anselme, mukubwa wa wachungaji, aliniangalia siku hizo zote. Mwishoni akaniuliza kwa upole kama nina mupango pia wa kuvuta shingo ya bata mpaka awe korongo.

Huyo Anselme ndiye mwalimu wangu. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi, mutu murefu, mukavu, wa maneno machache. Kesho yake alinipeleka nyuma ya ng'ombe mumoja mupole na akaniambia nilale kifudifudi kwenye majani. Nililala, umande ukapita mpaka kwenye ngozi.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona miguu."

"Na kichwa chake?"

"Sikioni."

"Basi. Imbwa murefu anaona ng'ombe, anaogopa pembe. Huyu anaona miguu tu. Na ng'ombe anatembea na nini?"

Hapo nilielewa. Imbwa hawa hawafukuzi ng'ombe kwa ukali. Wanakwenda nyuma, wanabana kisigino kidogo, halafu wanalala chini kama shuka iliyoanguka, na teke la ng'ombe linapita juu yao katika hewa tupu. Imbwa murefu angepigwa kwenye taya. Na imbwa mwenye akili anabana ule muguu ambao ng'ombe ameukanyagia, si ule ulio juu, kwa sababu muguu wenye uzito hauwezi kupiga teke mara moja. Hakuna mutu aliyewafundisha jambo hilo. Wanazaliwa nalo. Kazi yako ni kuwafundisha kuacha. Kubana wanajua, kuacha ndiyo shule.

Kuacha tuliwafundisha kwa muluzi. Muluzi wa kwenda mbele, mufupi, mara mbili. Muluzi wa kurudi, murefu, unaoshuka mwishoni. Kila aliposikia ule wa kurudi, Karanga alikuwa anaacha kila kitu, hata kama ng'ombe iko mbele ya meno yake. Kaporali alikuwa anasimama kwanza, anafikiri, ndipo anarudi. Wanaume.

Shikeni pia haya. Imbwa mwenye mugongo murefu usimubebe kwa miguu ya mbele kama mbuzi wa soko. Weka mukono mumoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako. Usimuache aruke kutoka kwenye gari. Ukipitisha vidole ubavuni ni lazima usikie mbavu. Usipozisikia, unamuua kwa bugali. Wakati wa umande mupanguse tumbo na gunia kavu, kwa kuwa tumbo lake linalowa kama ufagio. Kila jioni fungua vidole vyake utafute funza, na ndani ya yale masikio utafute kupe. Mutoto wa imbwa usichague yule anayekurukia. Kaa chini, nyamaza, ungoje. Chagua yule anayekuja polepole kunusa mikono yako, halafu anakaa karibu.

Na mujue kwamba wanachunga kila kitu kinachotembea. Jumapili moja ya Matawi waimbaji wa kapela, kanisa letu dogo, walipita karibu na ferme wakiimba. Kaporali akaona kundi lisilo na muchungaji. Kabla sijafunga vifungo vya shati, alikuwa amewaingiza kwenye zizi wote, wamama na matawi yao, na katekista nyuma yao akirukaruka kulinda visigino. Anselme alicheka mpaka akakaa chini. Ni mara moja tu nilimuona anacheka hivyo.

Halafu vita ikapanda vilimani.

Kabila la Anselme halikuwa langu, na langu halikuwa lake. Sitayataja. Mukitafuta mutapata, na mukipata hamutakuwa mumepata kitu. Tulikuwa tumekula kwenye sahani moja miaka sita. Ferme iliposhambuliwa, ng'ombe wakachukuliwa, nyumba ikachomwa, siye tulikuwa upande wa mutoni na imbwa. Tulitembea pamoja siku nzima mpaka kwenye njia panda. Pale kila mutu alijua kwamba njia yake ingemuua mwenzake. Anselme alimuinua Kaporali vizuri, mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Weye peleka jike Bunia," akasema. "Iko na mimba. Mi nitachukua muzee huyu."

Nikamuambia tutaonana. Alishuka na njia yake, na masikio ya Kaporali yakaonekana juu ya bega lake mpaka kwenye kona. Sijawahi kusikia habari ya mumoja wala ya mwingine. Nimewauliza watu wa pande zote mbili. Hakuna.

Kule Bunia, muke wangu alikuwa amefika kabla yangu na watoto wetu watatu. Pelajia, jina lake. Tulipata nyumba ya vyumba viwili katika mutaa wa Mudzipela, kwa ndugu yake aliyekuwa amekwenda Uganda. Pelajia alipoona nimekuja na imbwa, hakusema mubaya. Alimupa maji kabla ya kunipa miye. Lakini nilimuona anahesabu kwa macho: midomo mitano, na sasa sita.

Wiki chache baadaye vita ikaingia hata mujini. Risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati asubuhi na mchana, na watu wakaanza kutoka kwa miguu kuelekea Komanda ili wafike muji wa Beni. Magodoro kichwani, watoto mugongoni. Majirani wetu walikwenda karibu wote katika siku mbili. Pelajia akafunga vitu. Karanga alikuwa amebakiza siku nne au tano azae. Tumbo lake lilikuwa linagusa sakafu. Hangeweza kutembea hata mpaka mwisho wa avenue, barabara yetu, na miye sikuweza kumubeba pamoja na mutoto na mizigo.

Nikasema nitabaki.

Pelajia akaweka sufuria chini. "Juu ya nini ubaki?"

"Nichunge nyumba. Watu bataiba mabati."

Akaja karibu yangu. "Papa Lazaro, sema ukweli. Kama ni nyumba, nitakubali."

Nikasema ni nyumba.

Vijana, nataka mufahamu nilivyofikiri, si ili munisamehe. Ferme nyingine zilizopata watoto wa imbwa wetu zilikuwa zimechomwa zote. Nilikuwa ninajiambia kwamba ndani ya tumbo lile kuna imbwa wa mwisho wa namna ile katika Ituri nzima, na kwamba miaka yangu iko humo. Nilijiambia nitawakuta njiani baada ya wiki moja. Mutu akiwa na kazi anayoipenda sana, anaweza kuita jambo lolote kwa jina la kazi.

Walikwenda asubuhi. Mutoto wangu mudogo, Furaha, alinipungia mukono mpaka walipofika kwenye mutaro mukubwa. Kesho yake nikasikia kwamba njia imefungwa.

Karanga alizaa mchana mumoja wa mvua. Watoto wa imbwa hawa wanatoka na vichwa vikubwa. Ukiona mama anasukuma muda murefu bila kitu, nawa mikono na savon, ushike mutoto kwa kitambaa, uvute kwa kufuata musukumo wake, kuelekea chini, si kuelekea kwako. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Wanne walitoka. Mumoja alikuwa amekufa. Wa pili alikufa siku ya tatu. Wawili walibaki, dume na jike, vipofu, wanene, wanalia kama mulango unaohitaji mafuta.

Sikuwa na mutu wa kuonyesha. Nilitoka nje na yule dume mukononi, nikasimama kwenye uwanja. Parsele ya kushoto tupu, ya kulia tupu. Milango ilikuwa wazi, kuku mumoja anatembea ndani ya nyumba ya jirani mumoja mwalimu. Nikarudi ndani. Nilikuwa ninakula bugali na Karanga, nusu yangu, nusu yake, kisha nusu yake ikawa kubwa kwa sababu ya maziwa. Nilikuwa ninaongea naye sauti ya chini. Siku nyingine nilinyamaza kutoka asubuhi mpaka jua linazama, na nilipojaribu kusema, sauti ilitoka kama ya mutu mwingine.

Watoto wa imbwa walipofika siku kumi, nilisikia ng'ombe.

Ilikuwa saa sita mchana. Nikachungulia kwenye tundu la lupango, ule ukuta wetu wa matete. Vijana wenye bunduki, saba au nane, walikuwa wanapitisha ng'ombe kwenye avenue, kama arobaini hivi, na hawakujua kuchunga. Walikuwa wanawapiga usoni na fimbo, ng'ombe wanageuka, wengine wanaingia kwenye parsele za watu, wengine wanarudi nyuma. Mumoja akapiga risasi hewani na mambo yakaharibika kabisa. Ndipo nikamuona ng'ombe mumoja mwenye pembe iliyopinda, na nyuma yake wale wawili weupe waliozaliwa mikononi mwangu. Walikuwa ng'ombe wa ferme yetu.

Karanga aliwatambua kabla yangu. Nilikuwa sijafunga chini ya mulango vizuri. Alipita kwenye nafasi ambayo hata paka angefikiri mara mbili, matiti yake yakiburuta chini, na akaingia barabarani.

Nimeona imbwa wengi wakifanya kazi. Ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote. Hakubweka hata mara moja. Alikwenda mbali kwanza, akazunguka wote, akatoa wawili kwenye parsele ya mwalimu, akamubana yule mwenye pembe mbaya, akalala, teke likapita, akainuka. Katika muda wa kuchemsha chai ng'ombe arobaini walikuwa kundi moja, wametulia, wanapanda avenue kama wanarudi kukamuliwa. Wale vijana walisimama wanaangalia. Mumoja akaweka bunduki begani na kupiga makofi. Nilisikia mukubwa wao anasema: "Hiyo imbwa ni yetu. Asiguswe na mutu."

Na miye nilikuwa nyuma ya matete, hatua ishirini, muluzi iko mudomoni.

Karanga alisimama mwisho wa kundi, akageuza kichwa kuelekea nyumba. Masikio yalikuwa wima. Alikuwa anangojea ule murefu, unaoshuka. Ningeupiga, angekuja. Na wao wangejua kwamba kuna mutu ndani. Katika Mudzipela ya siku zile mutu aliyekutwa peke yake ndani ya nyumba alikuwa hana maelezo ya kutoa. Nilikuwa nimelowesha midomo tayari. Sikupiga. Ng'ombe wakaanza kwenda, akawafuata, akasimama tena akaangalia. Halafu kazi ikamuita, akakwenda.

Nilikaa chini palepale. Nilikuwa nimeacha muke na watoto watatu kwa ajili ya imbwa, na imbwa nikamuacha kwa ajili ya ngozi yangu. Jambo lililoniuma zaidi, na ninaona haya kulisema, ni kwamba hakukuwa na mutu hata mumoja wa kumuambia: umeona alivyofanya?

Ndani, wale watoto wawili wa Karanga walianza kulia njaa.

Mutu mumoja tu alikuwa amebaki kwenye avenue yetu, Mama Rejina, bibi aliyevimba miguu asiyeweza kukimbia. Alikuwa amemuficha mbuzi jikoni mwake, nyuma ya kuni. Nilipita kwenye matete nikamuomba maziwa kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Weye uko na muke na batoto, na unachunga imbwa," akasema. "Miye sina mutu. Mungu anagawanya vibaya." Halafu akanipa kikombe.

Nilimuletea maji kila siku kutoka kwenye chemchemi, bidon mbili za plastiki, nikipita nyuma ya nyumba zilizoachwa. Yeye alinipa maziwa. Munyonyeshe mutoto wa imbwa akiwa amelala kwa tumbo, kamwe si chali kama mutoto wa mutu, ama maziwa yataingia kwenye mapafu. Nilijua jambo hilo, lakini siku moja nilikuwa nimechoka, nikamulaza yule jike chali kwenye mapaja yangu. Alikufa kesho yake. Kosa lile nalo ni langu. Yule dume nilimunyonyesha kwa kitambaa, nikamupangusa tumbo na kitambaa cha vuguvugu ili aweze kujisaidia, kama mama yake angefanya kwa ulimi. Alifungua macho, akaanza kutembea. Sikumupa jina. Niliogopa.

Wanajeshi wa nje walipoingia mujini na kukawa na utulivu, njia ikafunguka. Nilikata bidon ya manjano upande mumoja, nikamuweka imbwa ndani, nikapanda juu ya gari la mizigo mpaka Beni. Niliuliza kanisani, wakanionyesha. Pelajia alikuwa anauza beignets, maandazi yale ya mafuta, mbele ya shule moja. Alikuwa amekonda. Aliona bidon kwanza, ndipo akaniona miye.

"Ndiye yule?" akauliza.

"Ni mutoto wake. Mama yake alikwenda."

Aligeuza beignet kwenye mafuta. Nikamuambia, nikiwa nimesimama pale mbele ya wateja wake, kwamba haikuwa nyumba.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Tulitembea siku tisa. Kila asubuhi Furaha alikuwa anauliza papa iko wapi. Nilikuwa najibu: anachunga nyumba. Uongo wako, miye ndiye nilibeba mudomoni mpaka huku. Ulikuwa muzito kuliko godoro."

Watoto walitoka shuleni. Wale wakubwa wawili walinisalimu kwa mukono, kama wanavyosalimu mugeni. Furaha alichungulia ndani ya bidon. Imbwa akamunusa mikono, akatoka, akakaa karibu yake. Akamuita Bidon papo hapo.

Nililala kwenye nyumba ya wageni ya parokia siku tatu. Pelajia hakunifukuza na hakuniita. Siku ya nne nilimuachia Furaha imbwa, nikamuonyesha jinsi ya kumubeba, nikarudi Bunia peke yangu. Nilifikiri nitawafuata au watanifuata. Miaka ikapita. Watoto walikuja likizo, wakakua, wakaoa na kuolewa. Yeye hakuja. Nilifanya kazi ya kuchanja imbwa na mbuzi kwenye kartie hizi, mitaa hii ya Bunia, mpaka magoti yakakataa. Imbwa mufupi sikumulea tena. Hao munaowaona sokoni, wenye masikio makubwa na miguu ya kati, sijui wametoka wapi. Labda Karanga alizaa tena huko alikokwenda. Ninapowaona ninasimama kidogo, halafu ninaendelea.

Musiniambie kwamba nilipenda kazi kupita kiasi. Kazi haikuwa na kosa, na Karanga hakuwa na kosa. Pelajia aliniomba neno moja la kweli, nami nilikuwa nalo, nikalificha nyuma ya mabati. Angekasirika, ndiyo. Lakini angekwenda akijua ameolewa na nani.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua ya mwisho, simu yangu ililia. Namba sikuijua. Ilikuwa sauti yake, imezeeka kama yangu. Katika miaka hiyo yote alikuwa hajanipigia hata mara moja.

"Imbwa yako imekufa," akasema. "Ilikuwa muzee sana, haioni tena. Nimeizika mwenyewe, karibu na mubuni, muti ule wa kahawa."

Nikamuambia asante. Nikafikiri atakata. Hakukata. Nilisikia mvua ya Beni kwenye mabati yake, na nafikiri yeye alisikia ya huku.

"Umekula?" akauliza.

Nikasema bado.

"Basi kula," akasema. Na akabaki kwenye simu, akingoja, mpaka aliposikia nimefunua sufuria.